Sukuma Wiki na Kura



Barua moja iliyonifikia hivi karibuni ilikuwa fupi na kali kidogo. Mama huyo, mke wa mkulima na msomaji wa siku nyingi, anasema anaupenda ukurasa huu ninapoandika habari za mboga, lishe na malezi, lakini nikigusa siasa hata kidogo anafunga jarida. Siasa, anasema, ni ya majukwaani na ya wanaume. Sisi tuachiwe bustani zetu. Namshukuru kwa kuandika, na kwa heshima yake mwezi huu nitaandika juu ya bustani. Nitaandika juu ya sukuma wiki, bamia, kunde na viazi vitamu. Ila bustani zenyewe ziko mbali, huko Kusini, na asinilaumu tukifika tukaikuta siasa imeketi katikati ya matuta.

Nisemapo Kusini leo sisemi Mtwara na Lindi. Nasema Kusini ya Marekani, katika jimbo la Mississippi, na hasa uwanda wa magharibi mwa jimbo hilo unaoitwa Delta, ulio kati ya mto Mississippi na mto Yazoo. Ni nchi tambarare iliyotandikwa na mafuriko ya miaka maelfu, yenye udongo mweusi wa kina kirefu, ambao mkulima yeyote angeuonea wivu. Sijafika huko. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilikuwa kinasoma maisha ya wanawake wa imani, mmoja mmoja, na tulipomfikia mmoja wa Delta mimi sikuweza kuendelea kwa mwingine mpaka nimesoma habari zake zote nilizoweza kupata.

Lakini kwanza jikoni. Mama wa kwetu akiingizwa jikoni kwa watu weusi wa Kusini ile hatapotea. Mboga yao kubwa ya majani ni ndugu wa sukuma wiki yetu, wote wa ukoo ule wa kabichi isiyofunga. Kunde wanazipika mwaka mpya ili mwaka uwe wa heri. Ni kunde zile zile zenye jicho jeusi, na asili yake ni Afrika. Bamia nayo ilivuka bahari pamoja na waliouzwa utumwani. Kule Louisiana mchuzi mzito wa bamia unaitwa gumbo, na wataalamu wa lugha wanalitoa jina hilo katika lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia ni kingombo. Watu walivuliwa majina yao na lugha zao, jina la mboga likabaki.

Tena wana desturi moja ambayo mimi kama muuguzi naipenda sana. Majani yale wakishayachemsha hawayamwagi maji yake. Wanayanywa kama supu, au wanachovya mkate wa mahindi. Vitamini kadhaa na madini huyeyuka katika maji ya kuchemshia, na mama anayeyamwaga nje ya mlango amewamwagia kuku sehemu ya chakula cha watoto wake. Nimelisema hili kliniki mara nyingi mpaka akina mama wamenipa jina kwa ajili yake, jina ambalo halitaandikwa hapa.

Sasa utajiuliza, watu wenye udongo kama ule na mapishi kama yale, njaa iliwapataje?

Iliwapata kwa sababu udongo haukuwa wao. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, watumwa waliachiwa huru bila ardhi. Wengi wa Delta waliishia kulima pamba katika mashamba ya matajiri kwa mkataba wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa kibanda, mbegu na nyumbu. Familia ilitoa mikono yote, ya mtoto na ya bibi. Tangu masika mpaka mavuno walikopa unga, mafuta na nyama ya nguruwe kwenye duka la shamba. Mwezi wa Desemba hesabu ilifanywa na mwenye shamba mwenyewe, kwa kalamu yake na katika daftari lake, na familia nyingi ziliambiwa kwamba bado zinadaiwa. Katika mashamba mengi pamba ilipandwa mpaka karibu na ngazi za mlango. Wako wenye mashamba walioruhusu kibustani, lakini wengine hawakutaka kuona hata tuta la viazi, maana kila kiazi kinachochimbwa nyuma ya nyumba ni kilo moja isiyokopwa dukani.

Huko ndiko alikokulia Fannie Lou Hamer. Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917, mtoto wa mwisho kati ya ishirini, na alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita. Baada ya mavuno mama yake aliwachukua watoto wakatembea kutoka shamba hadi shamba wakiomba ruhusa ya kuokota pamba iliyosalia kwenye vikonyo, wapate kuiuza wanunue chakula. Mkisoma Ruthu akiokota masazo katika shamba la Boazi, mkumbukeni mama huyo, ingawa wenye mashamba wa Delta hawakuwa Boazi. Wakati mmoja baba yake alifanikiwa kununua nyumbu na ng'ombe wake mwenyewe. Mtu alikuja akatia sumu katika chakula cha wanyama hao, wakafa wote, na familia ikarudi pale pale ilipokuwa.

Lipo jambo jingine ambalo mwenye taaluma yangu hawezi kulipita. Mwaka 1961 Mama Hamer aliingia hospitali kutolewa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Alitoka hana kizazi. Hakuulizwa, hakuelezwa, hakutia sahihi yoyote. Jambo hilo lilifanyiwa wanawake weusi wengi huko kiasi kwamba watu walikuwa na jina la mzaha la kuliita, mzaha wa kilio. Alikuwa mke wa mtu, akitamani mtoto. Yeye na mumewe, Perry, waliwalea mabinti wawili wasiowazaa, na wakawa wao.

Mwaka uliofuata vijana wa harakati za haki walikuja kanisani kwao katika mji wa Ruleville, wakawaeleza watu kwamba wana haki ya kupiga kura. Yeye alikuwa na umri wa miaka 44 na, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa mara ya kwanza kulisikia hilo. Tarehe 31 Agosti 1962 watu 18 walipanda basi kwenda Indianola, makao makuu ya kaunti, kujiandikisha. Walipewa mtihani wa kufafanua kifungu cha katiba ya jimbo, mtihani uliotungwa ili washindwe, wakashindwa. Njiani kurudi polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini kwa kosa la basi lake kuwa na rangi ya njano iliyozidi. Watu walijawa na hofu. Ndipo sauti ya mama mmoja ikaanza kuimba nyimbo za kanisani, moja baada ya nyingine, mpaka hofu ikapungua.

Jioni ile mwenye shamba alimwambia afute jina lake, ama aondoke. Alikuwa amefanya kazi katika shamba hilo kwa miaka 18. Alimjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kujiandikisha kwa ajili ya nafsi yake. Usiku huo huo akaondoka.

Hapa naomba yule mama wa barua asome polepole. Angekuwa na ekari mbili zake, zenye mahindi na mtama na nguruwe mmoja zizini, tishio lile lingekuwa na uzito gani? Kibanda, kazi, chakula na dawa ya mtoto vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anakataa apige kura.

Msidhani ni habari ya shamba moja. Majira yale yale, katika kaunti jirani ya Leflore, wakuu wa kaunti waliona watu weusi wanaanza kujiandikisha, wakasitisha ugawaji wa chakula cha ziada cha serikali kuu ambacho familia maskini zilikitegemea wakati wa baridi, pamba ikiwa imekwisha na kazi hakuna. Watu zaidi ya elfu ishirini walikuwa wanategemea unga, mchele na maziwa ya unga yale. Vijana wa harakati waligundua kitu katika miezi hiyo: wakiwagawia watu vyakula vilivyoletwa kwa malori kutoka miji ya kaskazini, foleni ya kujiandikisha inakuwa ndefu kuliko kabla chakula hakijakatwa. Mtu aliyekwisha kunyang'anywa sahani hana tena cha kutishiwa nacho. Katika majira ya kuchipua ya 1963 ugawaji ukarudishwa.

Yaliyompata Mama Hamer baada ya hapo yanajulikana sana, nami nitayapita haraka. Alirudia mtihani akaufaulu Januari 1963. Juni mwaka huo alikamatwa Winona akitoka mafunzoni, akapigwa mahabusu kipigo kilichomharibu figo na kumwachia kilema cha kudumu. Agosti 1964 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya chama cha Democratic, na Rais Lyndon Johnson akaitisha haraka mkutano na waandishi ili televisheni zigeuke upande wake. Usiku televisheni zikauonyesha ushahidi ule kwa nchi nzima. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikapita mwaka 1965.

Haki ikapatikana, lakini mashine za kuchuma pamba na dawa za kuua magugu nazo zilikuwa zimeenea, na mikono ya watu haikuhitajika tena. Katika kaunti hiyo hiyo ya Sunflower lilikuwako shamba la Seneta James Eastland. Serikali iliwalipa wenye mashamba makubwa ili wapunguze kulima pamba, na mwaka 1967 shamba lake lilipokea zaidi ya dola 100,000. Karibu na hapo walikuwako watoto wenye matumbo yaliyovimba na nywele zilizobadilika rangi. Dalili hizo hatuhitaji kuelezwa sisi tunaopima watoto kliniki. Mwaka 1967 Mama Hamer alimzika binti yake Dorothy, aliyevuja damu ndani kwa ndani akafa baada ya kukosa kupokelewa hospitali ya karibu. Aliacha watoto wawili wadogo, na bibi yao akawachukua.

Mwaka huo wa 1967 kituo cha afya kilianza kazi katika mji wa Mound Bayou, kaunti ya jirani. Mji huo una historia yake: ulianzishwa mwaka 1887 na watu waliokuwa watumwa, wakaujenga wenyewe katika msitu wa kinamasi. Daktari Jack Geiger na wenzake walipofungua kituo waliwakuta watoto wanaharisha, wanakonda, wanarudi na maradhi yale yale. Wakaanza kuandika kwenye vyeti vya dawa: maziwa, nyama, mboga na matunda, kiasi fulani kwa familia ya watu kadhaa. Familia ilikwenda na cheti dukani, duka likaleta hesabu, na fungu la dawa la kituo likalipa.

Wakubwa wa Washington walikuja juu. Fedha za dawa ni za kutibia magonjwa, wakasema. Daktari Geiger akawajibu kwamba mara ya mwisho alipofungua kitabu cha tiba, aliona imeandikwa kwamba tiba maalumu ya utapiamlo ni chakula. Hawakupata la kujibu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, maana miaka yangu kliniki imejaa akina mama niliowaambia wampe mtoto mayai, maharage na dagaa, nao wakaitikia kwa adabu, wakafunga mtoto mgongoni wakaenda zao. Mmoja tu ndiye aliyewahi kuniuliza waziwazi, "Nesi, hivyo vyote nitavitoa wapi?" Kadi ya mwanawe ilikuwa imeshuka kwenye kijivu, ikielekea nyekundu.

Wale wa Mound Bayou waliona kwamba cheti hakitaandikwa milele. Wakachimba visima na vyoo, kisha wakawasaidia wananchi kuanzisha ushirika wa kulima mboga, uliofikia mamia ya familia. Mmoja wa viongozi wake alikuwa mama aliyezaliwa katika familia ya wachuma pamba, L. C. Dorsey, ambaye baadaye alisoma sana na kurudi kukiongoza kituo chenyewe. Kituo kipo hadi leo.

Naye Mama Hamer alikuwa na lake. Mwaka 1969 alianzisha Ruleville ushirika alioupa jina la Shamba la Uhuru, ukianza na ekari 40. Kabla ya hapo, kwa msaada wa baraza la kitaifa la wanawake weusi, alikuwa ameanzisha benki ya nguruwe. Familia ilipewa jike, likizaa wakabaki na watoto wa kukuza, na zamu ikaenda kwa familia nyingine, kwa mtindo unaofanana na wetu wa kopa ng'ombe lipa ndama. Najua wako wasomaji wasiokula nguruwe, na ninawaheshimu. Lakini katika nchi ya baridi, nguruwe mmoja aliyekaushwa kwa moshi alikuwa nyama ya familia ya miezi mingi.

Shambani walipanda mboga za majani, bamia, nyanya, maharage, mahindi na viazi vitamu. Ada ya uanachama ilikuwa dola moja kwa mwezi. Familia kama thelathini tu ndizo zilizoweza kuilipa, lakini zipatazo 1,500 zilihesabiwa wanachama, na sehemu ya mavuno iliwekwa kando kwa ajili ya wasiojiweza. Wazungu maskini nao walipokelewa. Mawazo yake Mama Hamer yalikuwa rahisi: mwenye mboga kwenye chupa na nyama kwenye ghala hakuna anayeweza kumwambia aseme nini wala afanye nini. Ukiuliza ushirika ule ulikuwa wa kilimo au wa siasa, sijui kama yeye angeielewa tofauti.

Shamba lilikua likapita ekari 600, na hapa mimi, niliyewahi kutunza sanduku la fedha la akina mama, nilianza kuwa na wasiwasi kabla ya kusoma mwisho wake. Ardhi ilinunuliwa kwa michango ya marafiki wa mbali, na malipo yalikuwa ya awamu. Ili kulipa, ekari nyingi zililimwa pamba na soya za kuuza. Tufani ilipiga 1971, kisha miaka ya mvua mbaya na ukame ikafuata. Marafiki wa mbali walichoka, kama marafiki wa mbali wachokavyo, na Mama Hamer mwenyewe alikuwa mgonjwa, akisafiri huku na huko kutoa hotuba ili zipatikane fedha. Kufikia 1976 karibu ardhi yote ilikuwa imekwenda. Wako wanaosema kwa hiyo ulikuwa mradi ulioshindwa. Mimi siwezi kusema hivyo juu ya miaka saba ambayo watoto walikula. Lakini ningependa wangebaki na zile ekari 40 za mwanzo, zisizodaiwa na mtu, kuliko 600 za deni.

Alifariki tarehe 14 Machi 1977, hospitalini Mound Bayou, kwa saratani ya matiti iliyokuja juu ya shinikizo la damu. Alikuwa na miaka 59 tu. Amezikwa Ruleville katika kipande kilichosalia cha ardhi ya Shamba la Uhuru, na mumewe, aliyefariki 1992, yuko kando yake. Mwaka 2012 sanamu yake ilisimamishwa hapo. Januari 2025, miaka 47 baada ya kifo chake, Rais Joe Biden alimtunukia nishani ya juu kabisa apewayo raia wa Marekani. Sheria ya 1965 nayo haikubaki kama alivyoiacha: mwaka 2013 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha kifungu kilichoamua ni majimbo yapi lazima yaombe idhini kabla ya kubadili taratibu za kura.

Yule mama wa barua hakuniambia kama bustani yake ina jina lake. Ningependa kujua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke wa Tanzania haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mimi nimekutana na wanawake wengi, waliokomaa na wenye wajukuu, waliolima kipande kile kile miaka thelathini bila kuwahi kuulizia hati. Akina mama wa kikundi chetu walipomaliza kusoma habari ya Hamer hawakuzungumza sana juu ya kura. Walizungumza juu ya ile benki ya nguruwe, na sasa tunabishana kama sisi tuanze na mbuzi au kuku. Mimi niko upande wa kuku.

Barua nyingine tatu zinauliza habari za vidukari kwenye sukuma wiki. Kabla ya kununua dawa yoyote, jaribuni maji yenye sabuni kidogo ya mche, yanyunyizwe chini ya jani jioni, na majani yaliyojikunja myang'oe mkayafukie. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitaeleza zaidi.